Kadhi, Padri na Zaburi

Mwaka 1870 kilichapishwa London kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja. Mwandishi wake alikuwa Edward Steere, padri wa Kiingereza aliyesomea sheria kabla ya kuingia upadri. Katika dibaji alieleza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Anasema Sheikh Abdul Aziz alijitolea mwenyewe kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu, kwa Kiswahili kizuri na safi kuliko vyote. Kazi haikufika mbali. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kisomi mno, hakikufaa kusomewa watu wa kawaida kanisani.

Sheikh huyo hakuwa mtu mdogo. Abdul Aziz bin Abdul-Ghani al-Amawi alizaliwa Barawa mwaka 1838, akawa kadhi Kilwa na baadaye Unguja, mwanachuoni wa Kishafi na khalifa wa tarika ya Kadiria. Sultani wa Unguja, Sayyid Barghash, alimtumia hata kuwa mjumbe wake bara, upande wa mto Ruvuma. Kwa nini mtu wa cheo hicho akubali kumtafsiria padri?

Nadhani jibu limo ndani ya Zaburi yenyewe. Kwa Mwislamu, Zaburi ni kitabu alichoteremshiwa Nabii Daudi, na kuviamini vitabu vya Mwenyezi Mungu ni nguzo ya imani. Padri aliitaka Zaburi kwa ajili ya sala za kanisa. Kila mmoja alikuwa na njia yake ya kuifikia, wakakutana mlangoni, kisha kila mmoja akarudi kwake na dini yake ileile. Tangu niliposoma habari hiyo sijaweza tena kuisoma historia ya wamisionari wa Pwani kama inavyoandikwa mara nyingi, yaani kwa majina ya Wazungu peke yao, huku waliowafundisha lugha wakiitwa "wasaidizi".

Tuanze Mombasa, miaka ishirini kabla ya Steere kutia mguu Unguja.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, kusini mwa Ujerumani. Alitumwa na jumuiya ya Kianglikana ya CMS, akafanya kazi Ethiopia mpaka akafukuzwa. Ndoto yake ilikuwa kuwafikia Waoromo, na aliposhindwa kupita kaskazini akaona aingie kwa mlango wa Pwani. Januari 1844 alifika Unguja. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Kiibadhi aliyehamishia makao yake kutoka Omani, alimpokea na kumpa barua kwa maliwali wake wa Pwani. Ndani yake alimtambulisha kuwa ni mtu mwema anayetaka kuwaelekeza watu kwa Mungu, akaagiza atendewe wema. Umisionari wa Kiprotestanti katika Afrika Mashariki, basi, ulianza kwa ruhusa ya maandishi ya mfalme Mwislamu.

Mei mwaka huohuo Krapf na mkewe Rosine, aliyekuwa mjamzito, wakahamia Mombasa. Tarehe 8 Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, na aliyeketi naye ni kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhidin. Mwezi uliofuata homa ikaingia nyumbani. Rosine alifariki tarehe 13 Julai, na mtoto wake mchanga wa kike akamfuata siku chache baadaye. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Aliiandikia jumuiya yake kwamba kaburi hilo ni ishara kuwa kazi katika nchi hii imeanza. Mtu anaweza kuikubali au kuikataa imani ya maneno hayo, lakini haifai kuyasoma bila kumkumbuka mama yule aliyekufa ugenini.

Kazi iliendelea. Sura tatu za kwanza za Mwanzo zilichapishwa mwaka 1847 katika jarida la wasomi nchini Marekani, na huo ndio mwanzo wa Biblia ya Kiswahili katika chapa. Nataka tukae kidogo hapa, maana ndani ya sura hizo tatu kuna fumbo zima la umisionari katika nchi ya Waislamu.

Krapf hakuwa na haja ya kumweleza kadhi Adamu ni nani, wala Hawa, wala Ibilisi. Maneno nayo yalikuwa tayari. Dhambi, toba, imani, rehema, neema, malaika, nabii, sala, sadaka, Torati, Zaburi, Injili: yote yalishatoka kwenye Kiarabu yakaota mizizi katika Kiswahili, yamesemwa madrasani na misikitini, yamesomwa katika tendi kwa karne kadhaa. Hata neno kanisa na neno msalaba yametoka Kiarabu. "Mungu" lenyewe ni la Kibantu, lakini wenyeji walikwisha kuliunganisha na Allah muda mrefu kabla ya Mzungu yeyote kuja kuhubiri. Wamisionari katika nchi nyingi za bara walihangaika miaka wakitafuta neno la dhambi au la malaika. Pwani walikuta karamu imeandaliwa.

Na hapo ndipo penye mtego. Mhubiri akisema "imani", msikilizaji alielewa mara moja, ila alielewa kwa maana aliyofundishwa na mwalimu wake wa chuoni. Akitaja Nabii Isa, Mswahili alimjibu kwamba anamjua, mwana wa Mariamu, aliyezaliwa bila baba. Habari njema iliyoletwa kwa meli kutoka Ulaya nusu yake haikuwa habari. Iliyobaki ni ile ambayo Mwislamu anaikataa tangu utotoni, kwani sura fupi ya Ikhlasi, ambayo mtoto huihifadhi kabla hajajua kuandika, inasema Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Mmisionari alikuwa anajenga kwa matofali yaliyochomwa katika tanuri la watu wengine.

Krapf aliliona hilo, na ndiyo sababu alishika msimamo kuhusu jambo linaloonekana dogo, nalo ni herufi. Kiswahili kilikuwa kinaandikwa kwa herufi za Kiarabu, na Krapf alizisoma. Hata hivyo katika sarufi yake ya mwaka 1850, iliyochapishwa Tübingen, aliamua kutumia herufi za Kilatini. Baadhi ya sababu zake zilikuwa za kitaalamu: herufi za Kiarabu hazionyeshi vizuri irabu na baadhi ya sauti za Kibantu. Sababu nyingine alizisema waziwazi. Aliogopa kwamba watu wa bara wakijifunza kusoma kwa Kiarabu, mlango wa Uislamu utakuwa umefunguliwa kwao. Tafadhali likumbuke neno hili, tutalirudia mwishoni.

Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, wakahamia Rabai, miongoni mwa wale tunaowaita leo Wamijikenda, ambao hawakuwa Waislamu. Uamuzi huo wa kuutoka mji na kupanda vilima ulirudiwa na karibu kila misheni iliyofuata. Mji wa Waislamu ulikuwa mahali pa kujifunza lugha, na bara ndiko kwenye matumaini ya mavuno. Hata huko mavuno yalichelewa. Rebmann alikaa Rabai mpaka 1875, akarudishwa kwao amepofuka, akiwa na Wakristo wachache mno wa kuwahesabu.

Krapf aliondoka mwaka 1853, akachukua pamoja na karatasi zake miswada ya tendi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, akaipeleka Halle kwa jumuiya ya wataalamu wa mambo ya Mashariki. Miongoni mwake ulikuwamo Utendi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani, ulioandikwa mwaka 1728, unaosimulia vita kati ya Waislamu na Warumi wa Herakli. Mtu aliyekuja kuushinda Uislamu ndiye aliyeokoa mswada wa utenzi unaosifu ushindi wa Waislamu. Namshukuru kwa hilo kwa moyo mweupe. Kamusi yake kubwa, iliyojaa sentensi alizozisikia Mombasa, ilitoka 1882, miezi michache baada ya kifo chake.

Katikati ya miaka hiyo Unguja ilishuhudia kisa kilichoonyesha gharama ya kubadili dini kwa muungwana wa Pwani. Salme binti Said, binti wa Sayyid Said, alizaliwa mwaka uleule alioingia Krapf, 1844. Alipendana na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akashika mimba, akatoroka kwa manowari ya Kiingereza mwaka 1866. Mwaka uliofuata alibatizwa Aden kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyohiyo. Hakuna mhubiri aliyemshawishi, mapenzi na hofu vilimpeleka. Lakini alipoteza kila kitu ambacho binti wa kifalme angeweza kupoteza: urithi, ndugu, haki ya kuzikwa kwao. Aliporudi kuiona Unguja mwaka 1885, kaka yake Sayyid Barghash alikataa kumwona. Alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Ndivyo ilivyokuwa. Uislamu Pwani haukuwa shauri la msikitini tu. Ndoa, mirathi, maziko, jina la mtoto, salamu za barabarani, mahali pa kukaa barazani, vyote vilifungwa katika fundo moja, na fundo lile liliitwa uungwana. Kumwambia mtu abadili dini ilikuwa kumwambia atoke nje ya watu. Nani angetoka, kama si yule ambaye watu walishamtoa?

Hapo tunafika kwa Steere. Wito wa David Livingstone kwa vyuo vikuu vya Uingereza mwaka 1857 ulizaa misheni ya UMCA. Jaribio lake la kwanza, katika nchi ambayo leo ni Malawi, liliishia katika homa na makaburi. Askofu wa pili, William Tozer, akaamua kuanza upya Unguja, akafika na Steere mwaka 1864. Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa shule, na ndio waliokuwa kanisa. Mmoja wao, John Swedi, aliwekwa ushemasi mwaka 1879, na mwaka 1890 Cecil Majaliwa, naye mtoto aliyekombolewa utumwani, akawa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Wakatoliki nao walipita njia hiyohiyo: mapadri wa Roho Mtakatifu walioanza Unguja walifungua mwaka 1868 kijiji cha waliokombolewa Bagamoyo.

Steere alileta mashine ya kuchapa, akawafundisha wavulana kupanga herufi. Asubuhi alisikiliza, mchana akaandika, jioni karatasi zikatoka zimechapwa. Hakujifanya mjuzi. Alikaa na watu wa mjini, masheikh kwa wapagazi, akakusanya maneno na hadithi, na mwaka uleule wa 1870 akatoa pia mkusanyo wa hadithi za Unguja kwa Kiswahili na Kiingereza. Wasomaji wa Ulaya walizoea kusikia kwamba Waafrika hawana fasihi, naye aliwawekea hadithi mbele yao katika lugha ya wenyewe. Katika chapa za mwanzo za misheni yake Mwokozi aliitwa Isa Masiya, kwa jina ambalo mji mzima ulilijua. Jina la Yesu Kristo lilikuja kulishinda baadaye, nami naona siku lilipobadilika Wakristo wa Pwani walipiga hatua moja mbali na majirani zao.

Juni 1873 Sayyid Barghash, akibanwa na Waingereza kupitia balozi wao John Kirk, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Mkunazini. Misheni ikanunua kiwanja, na sehemu yake ikatolewa zawadi na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Krismasi ya mwaka huo. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877, jengo likiwa bado halijakamilika. Steere, aliyekuwa askofu tangu 1874, alisimamia ujenzi mwenyewe. Inasimuliwa kwamba altare imesimama pale palipokuwa mti wa kuchapia watumwa.

Kabla ya kuta kuinuka, Steere alihubiri kwenye kibanda cha udongo palepale sokoni. Waislamu wa mjini walikuja, wakasikiliza, wakajibu. Naomba msomaji aitazame picha hiyo vizuri: hakuna polisi, hakuna gavana, Uingereza haijaitawala Unguja. Sultani ni Mwislamu, na masheikh wangeweza kumtaka afunge kibanda. Walichagua kujibu hoja kwa hoja. Sheikh Abdul Aziz, yule wa Zaburi, alikuwa miongoni mwa waliojadiliana na askofu mara kwa mara. Hakuna aliyemhamisha mwenziwe, na naamini ndiyo maana waliweza kuendelea kuonana. Steere alifariki Unguja Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa lake. Agano Jipya alilolishughulikia lilikuwa msingi wa Biblia kamili ya Kiunguja iliyotoka 1891.

Waliojaza kanisa lile hawakuwa waungwana wa Mji Mkongwe. Walikuwa watu wa vituo vya misheni vya Kiungani na Mbweni, wavulana na wasichana walioporwa Nyasa, Uyao, Umakua, wasio na ukoo wa kurudia. Upande wa Mombasa CMS walifanya vivyo hivyo: mwaka 1875 walianzisha ng'ambo ya kisiwa kijiji cha Freretown, kikipewa jina la Sir Bartle Frere. Kengele yake iliyowaonya wakazi ndiyo iliyokiachia kitongoji jina la Kengeleni. Viongozi wake wa kwanza Waafrika, kina William Jones na Ishmael Semler, walikuwa wamekombolewa baharini na kusomeshwa Nasik, India. Kwa mwenye mtumwa wa Mombasa kijiji hicho kilikuwa mwiba. Watoro walikimbilia huko na Rabai, na waungwana walitishia zaidi ya mara moja kwenda kuwachukua kwa silaha. Mwanzoni mwa 1889 George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza aliwalipa wenye watumwa fidia kwa ajili ya watoro zaidi ya 1,400, wakapewa hati za uhuru.

Lilikuwa tendo jema kwa walioachiwa, na sitaki kulipunguza. Lakini kwa miaka mingi baadaye Mkristo alionekana Pwani kama mtu wa misheni, yaani mtu asiye na kwao, na sifa hiyo ilikuwa ukuta mrefu kuliko hoja yoyote ya dini. Muungwana aliyevutwa na mahubiri angejiona anashuka daraja. Kwa upande wa pili, watu wa misheni walibeba dharau hiyo vizazi kadhaa huku wakitoa makarani, walimu, mapadri na wahariri wa magazeti ya mwanzo ya Kiswahili. Kiungani ilikuwa na gazeti lake, Msimulizi, tangu 1888.

Kati ya wamisionari wote wa Pwani, aliyeniingia moyoni zaidi ni William Ernest Taylor. Alifika Mombasa kwa CMS mwaka 1880 akiwa na miaka ishirini na minne. Alikuja kuhubiri, na alihubiri, lakini sikio lake lilitekwa. Aligundua kwamba mjini mle kulikuwa na mashairi ya mtu aliyekufa miaka arobaini nyuma, Muyaka bin Haji, ambayo watu waliyakariri barazani bila kuwa na kitabu. Aliyemfungulia mlango ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni na mshairi wa Mombasa. Sikujua alizunguka kwa wazee, akakusanya beti, akaziandika kwa herufi za Kiarabu na kuzifafanua. Alifariki mwaka 1890, na Taylor akaendelea na wajuzi wengine wa mji.

Mwaka 1891 Taylor alitoa kitabu cha mamia ya methali za Kiswahili. Mwaka 1915 tafsiri yake ya Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ilichapishwa ndani ya kitabu cha Stigand kuhusu lahaja za Kiswahili. Mtu anayetafsiri utenzi kama huo, unaoikemea roho ya mwanadamu mbele ya magofu ya Pate, lazima ausome mara nyingi, peke yake, kwa utulivu. Miswada aliyoikusanya ndiyo iliyomwezesha William Hichens kuchapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940, miaka kumi na mitatu baada ya kifo cha Taylor. Na Waislamu aliowabatiza Taylor katika mji wa Mombasa? Swali hilo ndilo lililoulizwa na waliomtuma, nao hawakupata jibu la kuwafurahisha. Mimi ningemtaja Sikujua kwanza. Bila mwalimu yule wa Kibatawi, mashairi ya Muyaka na mashindano yake na washairi wa Lamu vingekuwa vimepotea.

Karne ya ishirini ilileta kizazi kingine. Padri Godfrey Dale alikuja na UMCA mwaka 1889, akakaa Unguja miaka mingi, akajifunza Kiarabu, akasoma tafsiri za wanavyuoni, akazungumza na masheikh. Aliandika kwa Kiswahili vitabu vya kuueleza Uislamu kwa Wakristo na kuupinga. Mwaka 1923 jumuiya ya SPCK ikamchapishia London kazi yake kubwa: tafsiri ya Kurani nzima kwa Kiswahili. Ilikuwa mara ya kwanza Kurani nzima kuchapwa katika lugha hii.

Alikusudia walimu na mapadri wa Kiafrika wajue Kurani inasema nini badala ya kusikia kwa watu. Lakini kitabu kilikuwa na maelezo, aliyoyaandika pamoja na padri mwenzake Gerald Broomfield, na maelezo yale yaliisoma Kurani kwa jicho la mpinzani wake. Kwa Waislamu kilikuwa kitendo kizito. Walizoea tafsiri, ila tafsiri ya mdomo: sheikh anasoma aya kwa Kiarabu, anaifasiri kwa Kiswahili, wanafunzi wanauliza, hasa katika darsa za Ramadhani. Sasa palikuwa na tafsiri isiyo na sheikh, ya mtu asiyeiamini, na mtu yeyote mwenye kisomo cha shule angeweza kuifungua. Wengi hawakutaka hata kuigusa.

Mwenye macho aliona kwamba kuisusia hakutoshi. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza mwaka 1930 kutoa gazeti dogo, Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Aliwaambia Waislamu wenzake maneno makali: kwamba wameziachia misheni shule, kwamba watoto wao watakuwa watumwa wa elimu ya wengine, kwamba kulalamika bila kusoma ni kujidanganya. Akaanza mwenyewe kuifasiri Kurani kwa Kiswahili. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, kazi haijakamilika, na sehemu yake ikachapishwa miaka mingi baadaye.

Katika kuikamilisha kazi kama hiyo Waahmadiyya, wafuasi wa jumuiya ya Ahmadiyya, walitangulia. Sheikh Mubarak Ahmad alifika Afrika Mashariki mwaka 1934, akaanzisha gazeti la Mapenzi ya Mungu, na mwaka 1953 tafsiri yao ikatoka Nairobi, nakala 10,000. Kaluta Amri Abedi, mshairi ambaye baadaye akawa meya wa Dar es Salaam na waziri, aliifanyia kazi. Sasa masheikh wa Kisunni walikuwa na vitabu viwili vya kujibu, na aliyevijibu ni Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy.

Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912. Alikuwa mwalimu wa shule za serikali, mshairi, mwandishi wa maisha ya Mtume na ya wanavyuoni wa Afrika Mashariki, na katika kitabu chake kuhusu wanavyuoni hao Sheikh Abdul Aziz al-Amawi amepewa nafasi yake. Tafsiri yake aliitoa juzuu kwa juzuu katika miaka ya 1950, watu wakizisubiri kama wanavyosubiri barua. Kitabu kizima, Qurani Takatifu, kilichapishwa Nairobi mwaka 1969, wakati huo akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Ndani yake anamkabili Dale na Waahmadiyya kwa majina, anaonyesha wapi wamekosea neno, wapi wamepindisha maana. Alijibu padri kwa njia ya padri: kitabu kilichochapwa, chenye maelezo, katika Kiswahili ambacho kijana wa shule anakielewa.

Na Kiswahili gani? Katikati ya miaka hiyo lugha ilikuwa imesanifiwa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, CMS wa Mombasa wakisononeka, kwa kuwa walikuwa na Biblia yao ya Kimvita na urithi wa Krapf na Taylor. Mwaka 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi, na miongoni mwa waliokitetea Kiunguja katika majadiliano ya wakati ule alikuwa Broomfield, yuleyule wa maelezo ya Kurani ya Dale. Biblia ya pamoja ya makanisa ilikamilika mwaka 1952. Biblia hiyo na Kurani ya Farsy zinatofautiana kwa mengi, lakini sarufi yao ni moja, dhambi ni dhambi, toba ni toba.

Farsy alihamia Omani, akafariki Muscat mwaka 1982. Kitabu chake kilikuwa kimeshaondoka Pwani. Kilipanda treni na mabasi, kikafika Tabora, Ujiji, Bujumbura na Kisangani, mikononi mwa watu ambao wengi wao hawakupata kukaa chuoni wakajua Kiarabu. Waliisoma maana ya Kurani kwa herufi za Kilatini, zilezile alizozichagua Krapf ili mlango wa Uislamu usifunguke bara.